Vitabu Vitano vya Muuza Magodoro

Machi 3, Jumapili

Mvua za masika zimeanza leo, na Muuza Magodoro naye ameanza leo. Sijui kati yao nani atakaa zaidi.

Binti yangu wa mwisho, ambaye tangu azaliwe hatumwiti jina ila Kitinda, amemleta mezani. Ni mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, tabasamu la kuuzia. Magodoro yenyewe hayatengenezi, hilo ningeliheshimu. Ana kiduka, na asipokuwa dukani anazunguka na mkoba wenye vipande vya sponji akiwaomba watu wavibonyeze. Nikamuuliza kama biashara ni nzuri. Akasema, "Inategemea msimu, mama." Nikamuuliza tangu lini watu wanalala kwa misimu. Kitinda akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nyumba hii ina desturi yake. Aliianzisha baba yangu, mchapaji, siku marehemu mume wangu alipokuja kuniposa. Alimwambia, "Sitaki kujua una nini. Niletee vitabu vitano unavyovipenda, na kwa kila kimoja uniambie kwa nini." Basi imekuwa hivyo: kila Jumapili kitabu kimoja, mbele ya watu wa nyumba, mpaka vitimie. Marehemu alipita vizuri. Mkwe wangu wa kwanza, mhasibu, alipita kwa kuburutwa. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha kodi, akasema anakipenda kwa sababu faharasa yake imepangwa vizuri. Siku hizi mwamuzi ni mimi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye sote tunamwita Mjomba kwa ajili ya watoto, hukaa pembeni kama shahidi na kula.

Muuza Magodoro aliposikia desturi hiyo alimeza mate. "Vitano, mama?"

Nikamwambia kama hana, vinne na kalenda vitatosha. Akacheka, akidhani ni mzaha.

Machi 6

Mvua kutwa. Mhariri kaniletea kazi mbili zaidi.

Atakayelisoma daftari hili nikishakufa na ajue: mimi ndiye ninayeandika yale maneno ya nyuma ya vitabu, yale ambayo watu huyasoma dukani wakiwa wamesimama, kabla hawajarudisha kitabu mahali pake. Nimeifanya kazi hii tangu Kitinda yuko tumboni. Njia yangu ni moja: sura ya kwanza, sura ya mwisho, na popote pale katikati ambapo kitabu kitafunguka chenyewe. Mwandishi ambaye hawezi kueleweka mpaka kitabu chake kisomwe chote ana lake jambo.

Nilimuuliza Mhariri kuhusu kile kinene kati ya hivyo viwili. Akasema, "Kirefu kidogo, mama, lakini kitamu."

"Umekisoma?"

"Nimeambiwa."

Watu wa aina hii ndio wanaolinda fasihi.

Machi 10, Jumapili

Kitabu cha kwanza. Alifika ameloa, viatu mkononi kwa heshima ya zulia, jambo ambalo Mjomba alilisifu nami nikalipuuza. Alichokuja nacho ni riwaya ya dada wawili wanaogombania duka la baba yao. Alikishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenzake. Akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, akasema:

"Nakipenda kitabu hiki kwa sababu hakimpi msomaji majibu. Kinamkalisha karibu na maswali mpaka ayazoee."

Akakaa, akajifuta jasho.

Sentensi ilikuwa na uti wa mgongo, na hilo limenikera mpaka sasa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "kina mafunzo mengi" au "kinafurahisha", majibu ya watoto wa shule. Nikamuuliza, "Maswali gani hayo?"

Akamtazama Kitinda. "Yale ya... duka, mama."

Mjomba akakohoa ndani ya kikombe. Nikaandika: amepita, kwa bahati.

Machi 12

Mvua. Wapangaji wa upande wa pili wa ukuta wanaburuta viti. Watu wasiosoma huwa na viti vingi.

Machi 17, Jumapili

Kitabu cha pili, kumbukumbu za mpishi wa gereza. "Kitabu hiki kinanuka moshi," alisema, "na ukishakifunga, nguo zako zinabaki zikinuka." Akajinusa begani bila kukusudia.

Tena sentensi si mbaya. Lakini ukimsikiliza anavyoisema! Sauti inapanda pale ambapo ingeshuka, na mkono unabonyeza meza kana kwamba ina springi ndani. Kitinda alikuwa anayatamka maneno pamoja naye kwa midomo tu, bila sauti, kama mama anayemlisha mtoto uji naye anafungua kinywa. Mapenzi yamemgeuza binti yangu kasuku. Nimemsomesha kwa jasho, ana kazi yake nzuri ya maabara, anapima damu za watu, halafu anakwenda kuokota mtu wa sponji.

Kaniletea mto. "Wa shingo, mama. Kitinda anasema unainama sana." Nimeuweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Sasa haiyumbi.

Machi 21

Paa limevuja chumbani kwangu kwa kazi, juu kabisa ya rafu ya nakala zangu. Kwa kila kitabu ninachokiandikia huwa naletewa nakala moja. Ninaiweka pale, sina haja nayo tena. Ilibidi nivihamishe kimoja kimoja mpaka kitandani, maji yakinichuruzikia shingoni. Niliona vingi vimechakaa, migongo imevunjika, kona zimelegea. Nikamlaumu Mjomba, ambaye huazima vitu vya watu bila kusema.

Ndipo nikakigeuza kile cha mpishi wa gereza ili nikifute maji. Nyuma pameandikwa: *Kitabu kinachonuka moshi, ukishakifunga, nguo zako zinabaki zikinuka.*

Maneno yangu. Nikakitafuta cha dada wawili. Maneno yangu tena.

Nilikaa kitandani katikati ya vitabu nikacheka peke yangu mpaka kifua kikaniuma. Mwizi kaiba mbuzi, halafu kampeleka kumuuzia mwenye zizi! Kumbe yule bwana anaingia duka la vitabu, anasoma nyuma, anarudisha, anakuja kwangu na shati lake. Hata hakujua nyuma ya vitabu kuna mtu. Watu wengi hudhani maneno yale yanaota yenyewe, kama ukungu.

Baada ya kucheka nikapandwa na hasira, kwa sababu nilizisifu sentensi zile. Nimezisoma tena kwa makini na si nzuri kivile. Kinanuka moshi! Kitabu cha jikoni, ningesema kinanuka nini?

Machi 22

Nimemweleza Mjomba. Nilidhani atacheka nami.

"Mwite pembeni, Dada, umwambie, yaishe."

"Hapana. Jumapili ya kitabu cha tano nitataka wazee wake waje papo hapo. Nataka wasikie kwa masikio yao."

"Na wewe vitabu hivyo ulivisoma?"

"Mimi nililipwa."

"Nyani haoni kundule," akasema, akijipakulia tena.

Nikamwambia hakualikwa kwenye meza ile kuleta methali, alialikwa kula.

Machi 24, Jumapili

Kitabu cha tatu: hadithi fupi za stesheni ya treni. "Kila hadithi ni mlango. Ukiufunga mmoja, unasikia mtu anabisha mwingine." Nilikuwa nalisubiri kila neno, na kila neno lilifika likiwa limevaa shati lake lililopigwa pasi. Nilimjibu kwa upole, "Vizuri sana, mwanangu." Kitinda akanitazama kwa mshangao, halafu uso wake ukafunguka wote. Alipokuwa akiondoa vyombo alinibusu utosini.

Nilijiona mjanja sana.

Machi 31, Jumapili

Cha nne, mashairi ya mkunga. Maneno yangu neno kwa neno, isipokuwa "adhimu", ambalo lilimshinda ikawa "azimu".

Alipoondoka Kitinda akaja jikoni, akaegemea mlango. "Mama, unamwonaje sasa?"

"Anajua kuchagua maneno," nikasema.

Akacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa mdogo, kichwa nyuma. Nikamwambia awaite wazee wa mwenzake Jumapili ijayo, tumalize yote siku moja. Akanikumbatia, mikono yake bado ina sabuni.

Aprili 3

Mvua haijapumzika. Fundi wa paa anasema hawezi kupanda mpaka ikatike. Fundi anayeogopa maji ni sawa na mwogeleaji anayeogopa maji. Nimekwisha panga nitakachosema Jumapili.

Aprili 7, Jumapili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Walikuja wanne: yeye, shangazi yake aliyemlea, ambaye ni fundi cherehani, na wazee wawili wa kiume waliokuja kukamilisha idadi. Shangazi alikuwa amevaa miwani yenye kamba. Aliniita "mama mwenzangu" tangu mlangoni, akashika mikono yangu miwili, akasema amesikia kwamba nyumba hii inaheshimu vitabu na kwamba mtoto wao hajalala wiki nzima kwa woga. Niliwakaribisha vizuri. Nilikuwa mwenyeji mzuri mno, na Mjomba, anayenijua, hakula.

Kitabu cha tano ni riwaya ya mwanamke mwenye nyumba ya kupangisha, anayewafukuza wapangaji wake mmoja mmoja mpaka anabaki na funguo. Muuza Magodoro akasimama. Safari hii hakubonyeza meza.

"Nakipenda kwa sababu ukikimaliza unataka kumpigia simu mtu uliyeacha kuzungumza naye."

Shangazi akavua miwani akajifuta macho. "Jamani, maneno hayo," akasema. "Mtoto huyu hajawahi kusema maneno kama hayo."

"Mama mwenzangu," nikamwambia, "hebu irudishe miwani." Nikatoa nakala yangu ya kitabu kile kile, nikaigeuza, nikamkabidhi. "Nisomee hapo nyuma, kwa sauti, macho yangu yamechoka."

Akasoma, mwanzoni kwa fahari, akidhani ni sehemu ya desturi, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye simu kidole kikasimama. Hakumaliza.

Nikavitoa vile vinne vingine nikavipanga mezani, nyuma juu, kama karata. Nikawaeleza kazi yangu ni nini. Nikasema, "Kijana wenu amekuja kuniposea binti yangu kwa maneno yangu mwenyewe, na nadhani hajavifungua hata kimoja. Debe tupu, na hata mlio ni wa kuazima." Halafu nikasema ile niliyoiandaa: "Mtu asiyeweza kusema kwa nini anapenda kitabu, atawezaje kusema kwa nini anampenda mtu?" Niliitamka polepole, ili isipotee.

Muuza Magodoro alikuwa bado amesimama. "Nisamehe, mama," akasema. Basi. Hakujitetea hata kidogo. Nikamdharau zaidi kwa hilo.

"Usiombe msamaha," Kitinda akasema. Alikuwa amesimama pia, sikuona saa ngapi. "Mama, maneno nilimpa mimi."

Nikamwambia asimkingie kifua.

"Simkingii. Yeye alitaka kukwambia siku ile ile ya kwanza kwamba hasomi. Hajamaliza kitabu tangu shule. Mimi ndiye nilimkataza, nikamwambia utamla mbichi. Nikampa vyangu. Hivyo vitano ni vyangu, Mama. Ndivyo ninavyovipenda mimi."

"Na maneno?"

"Maneno nayajua tangu sijajua kusoma vizuri. Ulikuwa unafunga mlango wa chumba cha kazi, tunaambiwa tusibishe. Nilikuwa nakaa kwenye korido nasubiri utoke. Ukitoka naingia mimi, nageuza vitabu, naangalia leo umesema nini. Sisi hukuwa unasema nasi hivyo. Sisi ulikuwa unatuuliza kama tumekula. Basi ukisema kitabu ni kizuri, nakisoma. Nimeisoma ile rafu yote."

Nikakumbuka migongo iliyovunjika.

"Nilidhani utayajua maneno yako siku ya kwanza," akasema. "Nilidhani utacheka, useme, 'Kitinda, umeyatoa wapi?' Nami nikwambie. Nilifikiri utafurahi. Kumbe uliyajua ukakaa kimya, ukanichimbia shimo. Uliponiambia anajua kuchagua maneno, ulikuwa unanicheka mimi."

Mjomba akasema, "Kitinda, mwanangu, kaa."

Hakukaa. Akakichukua kile cha mwenye nyumba. "Nikuulize moja tu. Mwanzo wake unaujua, kwa sababu huwa unausoma. Mwisho unaujua. Katikati kuna nini?"

Nilitafuta. Kweli nilitafuta. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani na watu wote wananitazama, hata wale wazee wawili.

"Kuna wapangaji," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Shangazi akakunja miwani yake akaitia mfukoni, akanishukuru kwa chai. Walitoka wote. Mjomba akawasindikiza kwa mwavuli wangu.

Bado nina hasira, ila sijui tena namkasirikia nani.

Aprili 8

Kitinda amehamia kwa dada yake, kwa mhasibu. Kachukua nguo na vile vitano.

Aprili 11

Mvua.

Aprili 14, Jumapili

Mjomba alikula kwa niaba ya watu watatu. Aliporudisha sahani akasema, "Umeshinda, Dada." Nikamwambia aende kwake.

Aprili 19

Muuza Magodoro alikuja mchana, peke yake, hana kitabu. Nilimwacha asimame.

Akasema wataoana mwisho wa Mei, ofisini kwa msajili, watu wachache. "Nimeona nije nikuambie mwenyewe, mama, usije ukasikia nje. Yeye hajui nimekuja."

Huyu hata hila hana. Mtu mwenye hila angengoja nimfuate nimwombe. Nikamuuliza, kwa kuwa nilitaka kumwumiza, anaonaje kuoa msichana msomaji na yeye hasomi, watazungumza nini.

"Huwa ananisomea," akasema. "Jumamosi, pale dukani. Mvua ikinyesha wateja hawaji. Mimi nalala kwenye godoro la maonyesho, yeye anakaa kwenye kiti anasoma."

"Na wewe unasikiliza."

"Nasikiliza mama, mpaka nipitiwe na usingizi. Nikilala yeye anaendelea tu."

"Anaendelea kumsomea nani?"

Akafikiri, na kufikiri kwake kunaonekana usoni kama mtu anayetafuta funguo. "Sijui. Ila nikiamka huwa amefika mbele."

Sikumpa chai. Nilijuta baadaye. Si kwa ajili yake, kwa ajili ya adabu.

Alipoondoka nilikaa nikijaribu kuikumbuka sauti ya Kitinda ikisoma. Najua anavyocheka, anavyokohoa, anavyogomba na simu yake. Anavyosoma sijui. Mtu wa sponji anajua, hata akiwa usingizini.

Aprili 23

Nimempigia. Alipokea kwenye mlio wa mwisho.

"Mama."

"Umekula?" nikasema, na papo hapo nikatamani ardhi inimeze.

Halafu akasema hana kinyongo, ila hatakuja nyumbani, na pale kwa msajili hataki nije nikakae kwenye kiti cha mbele na uso ule. "Tangu enzi za babu, kila anayeingia nyumba ile anaulizwa. Wewe hakuna aliyewahi kukuuliza. Nakuuliza mimi. Sitaki vitano. Niambie kitabu kimoja unachokipenda, na kwa nini, kwa maneno ambayo hujawahi kulipwa kuyaandika. Ukiwa nacho, nipigie. Usipokuwa nacho, basi, Mama, tuachane kwa heshima."

Kitabu kimoja! Nimeandikia vitabu vinavyoweza kujaza lori. Nilimwambia nitampigia kesho.

Aprili 24

Sikumpigia.

Aprili 25

Nimejaribu kwenye karatasi. "Nakipenda kwa sababu kinagusa." Nimekata. "Kwa sababu hakisahauliki." Nimekata; na chenyewe nimekisahau. "Kwa sababu mwandishi ana jicho la huruma." Hiyo nimekwisha iuza kwa watu wawili tofauti.

Aprili 27

Nilichukua kitabu nilichokuwa nakitembeza kwapani nikiwa msichana, nikiringa nacho. Nimekumbuka rangi ya jalada na jinsi watu walivyonitazama. Nimekumbuka na gauni nililovaa. Kilichomo ndani sikumbuki.

Mhariri kapiga simu. Yale maneno ya jalada la kitabu kinene yamechelewa. Nikamwambia aandike mwenyewe. Akasema hajakisoma. Nikamwambia hilo halijawahi kumzuia mtu.

Mei 1

Mvua inapungua. Fundi wa paa amekuja leo, sasa kwa kuwa hahitajiki.

Mei 4

Nimempigia. Nilikuwa nimeandika kitu, kizuri, chenye uti wa mgongo. Nilikuwa nakishika mkononi. Aliposema "Mama" nikaona nitakachokisoma ni maneno ya jalada.

"Sina," nikasema.

"Huna nini?"

"Sina kitabu. Vipo nilivyovisifu. Cha kukipenda sina hata kimoja."

Kwa dada yake watoto walikuwa wanagombana. Akawaambia wanyamaze. "Kwa nini, Mama?" Hakuuliza kwa ukali.

"Sijui. Nadhani sijawahi kukaa ndani ya kimoja. Naingia natafuta sentensi ya kutoka nayo, nikiipata natoka. Hivyo tu. Na nyinyi nadhani niliwafanyia hivyo hivyo."

Nilisubiri aseme basi, tuachane. Nilikuwa nimeshika meza.

"Jumapili hii niko zamu," akasema. "Tutakuja ile nyingine. Tutakuja wote wawili."

"Aje," nikasema. "Lakini asilete mto."

Mei 8

Nimefuta vumbi rafu. Sikufanya kitu kingine.

Mei 12, Jumapili

Walikuja saa za mchana. Mvua imerudi kidogo, ya rasharasha. Nilimpa chai kabla hajaomba, na akaisifu kupita kiasi, kwa sababu ndiye huyo, sifa kwake ni kama chumvi mkononi mwa mpishi mlevi. Sitaweza kumpenda haraka. Ana namna ya kusema "barabara" mwisho wa kila jambo ambayo itanizika.

Kitinda alikitoa kile cha mwenye nyumba. Nikamwambia aanzie katikati, mwanzo naujua. Akasema, "Hapana," akafungua ukurasa wa kwanza.

Anasoma kwa sauti ya chini kuliko ya kuzungumza. Hafanyi mbwembwe. Kwenye mazungumzo habadilishi sauti, lakini unajua nani anasema. Kabla ya kufunua ukurasa anavuta pumzi kidogo, kama mtu anayevuka mtaro. Ana miaka yote hii na mimi ndiyo kwanza nayasikia haya.

Muuza Magodoro alilala sura ya kwanza haijaisha, mdomo wazi, kichwa kwenye ukuta wangu uliopakwa rangi mwaka jana. Kitabu chenyewe ni kibovu. Mwandishi anapenda "ghafla" kama mtoto anavyopenda sukari, mvua yake inanyesha kila mtu anapohuzunika, na mpangaji wa kwanza, mwalimu wa hesabu, ana pengo la jino ambalo linahama kutoka kulia kwenda kushoto. Nilikisifia kitu hiki. Mtu angenishtaki.

Mwenye nyumba alipomfukuza yule mwalimu, akawa anafunga kamba sanduku lake kwenye ngazi, Kitinda akanyanyua macho. Giza lilikuwa linaanza kuingia na mumewe mtarajiwa anakoroma.

"Umechoka, Mama? Niache?"

Nikamwambia asiache.